Filamu ya Mtwara: ukumbi wa Dar unataka DCP, na huku nyumbani tuionyeshe vipi?

MsangaMkuu:
Wakuu, heshima kwenu. Tuna filamu ya dakika 90, imepigwa Mikindani, maongezi ni Kiswahili na Kimakonde kidogo. Kibali cha kupiga tunacho. Ukumbi mmoja wa Dar umekubali kuitazama ila wanataka DCP (kifurushi cha faili kinachosomwa na mitambo ya kumbi za sinema), na sisi tuna MP4 ya fremu 25 kwa sekunde. DCP inatengenezwaje bila kulipia studio? Na Dar wakigoma, huku Mtwara hadi Masasi tuonyesheje watu walipe kiingilio?

FundiMwanga:
Pakua DCP-o-matic, ni ya bure. Usiilishe ile MP4. Rudi kwenye programu ya kuhariria utoe faili kubwa, ProRes 422 HQ kwa mfano. Chagua 2K, kisha umbo: Flat ni 1998 kwa 1080, Scope ni 2048 kwa 858. Picha ya 1920 ikikaa ndani ya Flat inaacha vipande vyembamba vyeusi pembeni. Viache. Ukiivuta ijae, unakata juu na chini.

Fremu 25 si kila seva ya zamani (mtambo wa ukumbi unaocheza DCP) inaipokea. Ishushe iwe 24: mwendo unapungua asilimia 4, dakika 90 zinakuwa karibu 94.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi. Mchanganyo wa spika mbili unafaa kwenye simu, lakini ukumbini aliyekaa pembeni anasikia maongezi upande wake tu. Tengeneza 5.1 (sauti ya spika tano na moja ya besi), maongezi yote yatoke spika ya katikati, WAV ya biti 24, kHz 48. Picha iwe Mbps 100 hivi, mzigo wote utakuwa GB 75. Diski iandae kwa ext3, mpangilio wa diski wa Linux; NTFS, ule wa Windows, kuna kumbi zinaisoma na kuna zinazoikataa, kwa hiyo uliza kabla. Na usiifunge kwa ufunguo wa kidijitali: ufunguo huo una tarehe za kufanya kazi, na tarehe ikikosewa, filamu haifunguki na watu wako kwenye viti.

Yale ya Kimakonde yawekee manukuu, uyachome ndani ya picha.

Dada_Ilulu:
Kaka, kibali cha kupiga si kibali cha kuonyesha. Bodi ya Filamu lazima iitazame iliyokamilika na kuipa daraja la umri. Sheria Na. 4 ya 1976 haibagui ukumbi wa Dar na uwanja wa Newala. Muziki nao: kila wimbo uwe na ridhaa ya mwenyewe kwa maandishi, hata ule unaosikika redioni nyuma ya mhusika.

Kuhusu ukumbi, ubishi mkubwa ni saa. Ukipewa Jumanne saa nne asubuhi, hapo umenyimwa kistaarabu. Kumbi huangalia mauzo ya wikiendi ya kwanza, zikiona viti vitupu zinakutoa. Mimi ningeomba kukodi jioni moja kwa bei maalumu, nijaze mwenyewe, ndipo nirudi kuzungumza mgawo wa mapato. Na ikwepe Ijumaa yenye filamu kubwa ya Marekani.

KusiniSkrini:
Huku kwetu anza na kibanda umiza au ukumbi wa shule, ila tazama kwanza ratiba ya ligi. Siku ya Simba na Yanga hakuna mwenye kibanda atakayekusikiliza.

Nje: turubai jeupe la mita 4 kwa 2.25, projekta ya lumeni 3,000 giza likiingia inatosha. Ukipanua hadi mita 6, tafuta 5,000. Lenzi ya 1.5 (umbali ni mara 1.5 ya upana wa skrini) inataka umbali wa mita 6 kwa skrini ya mita 4, pima kabla hujapanga viti. Adui ni kusi, hasa Juni hadi Agosti: skrini inashika upepo kama tanga la jahazi na kung'oa nguzo. Isimamishe nyuma ya ukuta, acha nusu mita wazi chini, kamba zifungwe kwenye vigingi si kwenye viti. Jenereta iwe kVA 2 au zaidi, mbali na watu, na projekta ipite kwenye UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado moto, na taa hizo ni ghali.

Masasi na Tandahimba ningesubiri Oktoba minada ya korosho ianze, kabla mvua hazijashika. Barua kwa afisa utamaduni wa halmashauri na polisi zitangulie, tena ukiambatanisha nakala ya daraja la Bodi, maana hiyo ndiyo wataiuliza kwanza.

MsangaMkuu:
Nimewasoma wakuu. Kwa vibanda vidogo, hiyo 5.1 inahitajika?

FundiMwanga:
Hapana. Toa nakala ya pili, MP4 ya 1080 yenye stereo, maongezi yapandishwe desibeli 3 juu ya muziki. Spika za vibandani zinapiga besi kuliko maneno.