Wanaotuhoji kuhusu mwani, majibu yetu wanampelekea nani?

KatibuMwani (Micheweni, Pemba)

Assalaam alaykum jamani.

Mie ni mkulima wa mwani huku kaskazini mwa Pemba, na ni katibu wa kikundi chetu cha wanawake ishirini na wawili. Leo maji mafu, bahari haitoki mbali, hatushuki pwani, ndiyo nimepata nafasi ya kukaa na simu nikaandika jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu.

Kwa kuwa mie ndiye mwenye daftari la kikundi, kila mgeni anayeletwa na sheha kuja kutuhoji humwandika humo. Tarehe, chuo alichotoka, watu aliowahoji, na alichosema atakifanya. Nilianza 2016. Wiki iliyopita niliyahesabu majina. Timu kumi na nne. Waliorudi kutwambia walichokipata ni wawili tu. Mmoja alikuwa kijana mwanafunzi, alikuja peke yake kwa gari ya abiria, ana karatasi nne zilizopigwa chapa kwa Kiswahili, akatusomea chini ya mkungu mpaka adhuhuri. Tulimuuliza maswali mengi kuliko aliyotuuliza yeye mwanzo. Nakala aliyotuachia bado ninayo ndani ya daftari.

Wengine wote hatukuwasikia tena.

Nataka mnielewe, sikatai kuhojiwa. Nimesoma mpaka darasa la kumi na mbili skuli ya hapa hapa, na najua kuwa nchi haipangiki bila ya kuuliza watu wake. Lakini watu hawa huja wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, kwa sababu ndipo wanapotukuta pwani wote. Na bamvua ndiyo siku zetu za kazi. Maji yakitoka tuna saa chache za kufunga mbegu, kukaza vigingi na kuvuna, kisha bahari inarudi. Fomu moja yenye maswali ya kamba ngapi, watoto wangapi, mume anafanya nini, nyumba ina madirisha mangapi, inakula saa nzima na zaidi. Siku ile niliyohojiwa kwa kishikwambi na binti mmoja mpole sana, niliacha kamba sita bila kuvunwa. Usiku upepo ukavuma. Asubuhi nilikuta kamba tupu, mwani wangu umekatika umetapakaa ufukweni.

Sasa lililonifanya niandike ni hili. Mpwa wangu anasoma Unguja. Mwezi uliopita alinitumia ripoti aliyoikuta kwenye intaneti, na ndani yake mna picha yangu. Nimeinama, uso hauonekani, lakini kanga naijua na pale pahala napajua. Ripoti yote kwa Kiingereza. Mpwa wangu alipokuja likizo tulikaa mkekani akanitafsiria. Wamesema kweli nyingi. Wamesema maji ya karibu yamekuwa moto na ile kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, haistahamili, inageuka nyeupe inakatika. Wamesema wengi wetu hatujui kuogelea. Hilo nililisema mie mwenyewe, nalikumbuka. Kisha mwisho wa ripoti wanaishauri Serikali ipeleke kilimo cha mwani maji ya kina kirefu. Kwa boti ya nani? Na mie nisiyejua kuogelea nitafikaje huko? Laiti wangetuletea ushauri ule kabla ya kuuandika, tungewaambia.

Swali langu basi kwa wanaojua: hizi taasisi za utafiti za vyuo vikuu, kazi yao hasa inamwendea nani? Wizara inazisoma ripoti hizi? Na sisi tulioulizwa, tuna haki ya kupata jibu, au tunaomba fadhila?

MstaafuMipango (Mjini, Unguja)

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi ya mipango serikalini zaidi ya miaka thelathini, kwa hivyo nitakujibu upande wa meza niliokaa mie.

Ripoti zinafika. Nyingine zinasomwa. Lakini nikwambie zinavyofika. Mwaka wetu wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti za wizara husomwa Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi mwezi wa Mei na Juni. Maafisa wanaanza kuzipika miezi mingi kabla. Utafiti unaoletwa mezani mwezi wa Aprili, hata uwe mzuri vipi, umekuta chungu kishatelekwa. Na mara nyingi unakuja mzito kama msahafu, kurasa mia na arubaini, jibu limo ukurasa wa mia na kumi.

Nakumbuka mwaka mmoja tulitakiwa tumpe waziri jibu kwa siku tatu, kuhusu jambo la uvuvi. Kabatini tulikuwa na ripoti tano. Tukampigia simu mtafiti mmoja wa chuo, mtu aliyekuwa amekaa na suala lile miaka kumi na tano. Jioni akatuletea ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, akiwa ameandika analolijua kwa hakika, anachokidhani, na asichokijua. Ukurasa ule uliingia kwenye waraka karibu wote. Zile ripoti tano hakuna aliyezifungua. Ila yule bwana asingeweza kuandika ukurasa ule bila ya ile miaka kumi na tano ya kupima na kuuliza watu kama wewe. Huo ndio msaada wa taasisi ya chuo kwa Serikali: sisi maafisa tunahamishwa, mawaziri wanabadilishwa, yeye yupo pale pale na daftari lake.

Chukua mwani wenyewe. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa Unguja tangu 1978. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza pwani ya mashariki 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kulikuwa tayari na watu wa chuo walioanza kuuchunguza mwani wetu miaka ya sabini, Profesa Keto Mshigeni akiwa mbele. Baadaye Dokta Flower Msuya akafuatilia kwa miaka mingi kwa nini kotonii inakufa. Sasa anaposema mtu kuwa tatizo ni joto la maji wala si uvivu wa wanawake, anasema kwa vipimo. Ungekuwa kwenye mikutano niliyokaa mie ungejua neno hilo lina uzito gani, maana wapo waliokuwa wakisema mwani umeshuka kwa kuwa wakulima wamechoka.

Kuhusu ripoti yenye picha yako, umesema kweli na nimehuzunika. Ushauri usiopita kwa mwenye kazi ni nusu ya utafiti.

NyumbaKwaNyumba (Chake Chake)

Dada katibu, mie nimefanya kazi ya kuhoji watu kwa miaka mingi, Pemba yote kuanzia Kengeja mpaka Makangale. Nikupe la ndani linalokusaidia.

Wanaokuja kwenu si wa aina moja, ingawa wote wanavaa vitambulisho shingoni. Mmoja ni mwanafunzi anatafuta shahada. Kazi yake inaishia maktaba ya chuo na hakuna wizara iliyoitaka. Mwengine katumwa na mfadhili aliyeandika maswali akiwa kwao. Mwengine kaombwa na Serikali yenyewe kwa sababu kuna sera inaandikwa. Daftari lako limewaandika kumi na nne sawasawa, lakini si wote walioahidi kukufikisha kwenye meza ya waziri. Siku nyingine kabla hujajibu swali la kwanza muulize: nani ameitaka kazi hii, na ikimalizika inawekwa ofisi gani? Mhojaji mzuri atakujibu. Asiyejua, mwambie ampigie simu mkubwa wake pale pale. Mie niliwahi kuulizwa hivyo na mzee mmoja Tumbe, sikuwa na jibu, na nilipiga simu.

Jengine. Fomu za kibali nilizowahi kuzibeba zilikuwa na sharti la mtafiti kurudisha nakala ya ripoti kwa ofisi iliyotoa kibali. Kwa hivyo nakala huenda ipo Unguja. Lililokosekana ni nakala ya sheha.

Na usidhani majibu ya Pemba hayendi mbali. Wapo watoto wetu, maelfu, walioingia kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi. Walitaka kujua kama kumpa kila mtoto mdogo madini ya chuma na asidi ya foliki kunamsaidia, kama ilivyokuwa ikishauriwa duniani wakati huo. Hapa malaria ilikuwa nyingi. Ikaonekana watoto waliopewa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufa, kwa kiasi cha asilimia 12. Sehemu ile ya kuwapa madini ya chuma ikasimamishwa 2003, matokeo yakachapishwa 2006, na Shirika la Afya Duniani wakati ule likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria: usimpe kila mtoto tu, mpime kwanza, na malaria idhibitiwe. Watoto wa nchi ambazo hawajawahi kusikia jina la Pemba wamesalimika kwa jibu lililotoka hapa. Nikiwahadithia watu wa vijijini huwa wananyamaza kimya. Hawakuwahi kuambiwa kuwa wao ndio waliolitoa jibu lile.

SabuniYaMwani (Kaskazini Unguja)

Mimi nitasema upande mwengine kidogo. Huku kwetu Kidoti watu wa chuo hawakuishia kuuliza. Walitufundisha kusaga mwani na kutia kwenye sabuni, na mpaka leo sabuni zinatengenezwa na zinauzwa. Kwa hivyo wapo wanaorudi, tena na sufuria mkononi. Nakutakia heri dada yangu, na pole kwa zile kamba sita.

Mhadhiri_Tunguu

Nimeisoma mada hii mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu mimi ni katika hao wanaokuja na vishikwambi.

Bibi katibu, ni haki yako. Si fadhila.

Taasisi hizi zilizaliwa kwa haja ya wazi. Ofisi ya utafiti wa uchumi ya Dar es Salaam na taasisi ya maendeleo ya Nairobi zote zilianza 1965, vyuo vyenyewe vikiwa bado matawi ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Nchi zilikuwa changa, zilihitaji watu wao wa kuzihesabia na kuziambia ukweli. Makerere ikawa na kituo chake cha utafiti wa sera za uchumi 1993. Siri ya sehemu kama hizo ni kuwa ziko karibu na Serikali kiasi cha kuulizwa, na mbali nayo kiasi cha kuweza kusema "hapana, mpango huu hautafanya kazi." Hapo katikati ndipo pagumu. Fedha ya ndani ya utafiti ni kidogo, kwa hivyo tunamfuata mfadhili, na mfadhili ana maswali yake na tarehe yake ya kumaliza. Nikiandika bajeti ya utafiti, safari ya kwenda Pemba kuhoji inapita bila neno. Safari ya kurudi kusoma matokeo ndiyo ya kwanza kukatwa. Nimeikubali ikatwe mara tatu. Niliamini muhtasari wa Kiingereza kwa wizara unatosha, na nilikosea.

Wewe umetuandikia hapa jambo ambalo mtafiti yeyote wa sera angelihitaji: ushauri wa maji ya kina hauna maana bila boti, bila mafunzo ya kuogelea, na bila kuuliza nani atamiliki boti hiyo, maana ikiwa ya wanaume na mwani utakuwa wao. Hilo linafaa kusomwa na Wizara ya Uchumi wa Buluu kabla halijawa mradi. Ukiridhia, nitaliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kama alivyosema mzee mstaafu, na kikundi chenu mtausoma kwanza na kuusahihisha kabla haujatoka.

KatibuMwani (Micheweni, Pemba)

Ahsanteni nyote. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana usiku barazani, moja moja. La watoto na madini ya chuma walinitaka nilirudie. Bibi mmoja wa kikundi, wajukuu zake walikuwa wadogo miaka hiyo, alitaka kujua kama na wao walikuwemo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Mzee mstaafu, lile neno kuwa tuliambiwa tumechoka limetuuma, na limetufurahisha pia kuwa kuna mtu alilijibu kwa vipimo.

Mhadhiri, tumekubali. Ila usiuandike wewe kwanza. Njoo maji mafu, si bamvua. Tutakaa siku nzima. Utatukuta na daftari, na wanawake watatu kati yetu waliojaribu kwenda kwenye kina kwa ngalawa ya jamaa zao watakueleza ilikuwaje mpaka wakaacha. Baada ya hapo andika, utume, tusome, na pale tutakaposema sivyo ubadilishe.

Nimeshaongeza safu mpya kwenye daftari, baada ya ile ya jina la chuo. Nimeandika juu yake: *Nani ameitaka kazi hii*. Na pembeni yake nyengine: *Amerudi lini*. Timu ya kumi na tano inakuja bamvua lijalo, sheha keshanipa barua yao.

Mhadhiri, nambari yangu nimekutumia faraghani.