Tupeane uzoefu: kambi za bendi za skuli na kundi la wateule

Asalaam alaykum ndugu zangu. Marekani wanafunzi wa sekondari hufanyiwa usaili wa muziki, na waliofanya vizuri kutoka skuli mbali mbali hukutanishwa siku chache na mwongozaji mgeni. Mazoezi kutwa, kisha onyesho. Huku kwetu Zanzibar kambi za namna hiyo ni chache, ila waliozipitia wamo humu. Mlipata nini ambacho skuli hamkukipata? Mimi naona hakuna darasa kama kukaa ubavuni mwa mtu anayekuzidi.

Klarineti, Mwanakwerekwe
Kwangu ni sikio. Asubuhi maalim alitupigisha noti moja ya B flati, ndefu, mpaka tukalingana. Mchana chumba kimepata joto, tukaipiga tena, wote tumepanda. Akatueleza kuwa hewa ya ndani ya chombo ikipata joto sauti hupanda, basi vuta kidogo kile kipande kilicho chini ya mdomo wa klarineti. Wenzetu wa fidla wao walikuwa wanashuka, maana nyuzi zinalegea. Tangu hapo siamini tyuningi ya asubuhi.

Tarumbeta, Wete
Mie nimetokea kwenye beni za harusi, kila kitu kwa kusikia. Kambini nikakaa na kijana wa fluti, tukasoma karatasi moja, ikatoka vurugu tupu. Kumbe tarumbeta ya B flati ikisoma C inatoka B flati, ya mwenzangu inatoka C yenyewe. Ndiyo maana kila chombo kina karatasi yake! Hilo peke yake lilitosha nauli ya meli.

Mama wa mpiga fluti, Jang'ombe
Waandaaji, ratiba ya mazoezi ya watoto wa kike tupewe mapema, na jioni wasirudi peke yao. Jengine: wasiochaguliwa msiwarudishe nyumbani. Waacheni wahudhurie mafunzo, hata kama jukwaani hawapandi. Binti yangu aliachwa mwaka wa kwanza, akaambiwa akae asikilize, na mwaka uliofuata akaingia.

Fidla, Mji Mkongwe
Naunga mkono, tena kwa nguvu. Na mi naomba kambi zisiishie kwenye maachi, miziki ya gwaride. Sisi tulimaliza kwa bashraf, ule muziki wa taarab wa vyombo vitupu bila ya kuimba, bendi pamoja na ganuni na udi, vyombo vya nyuzi. Ile noti ya tatu ya rast, ngazi ya noti ya Kiarabu, inakaa baina ya E na E flati, wapulizaji ikabidi waitafute kwa midomo. Kisiwa chenye kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa tangu 1905, kijana kumaliza kambi bila kuigusa taarab ni hasara.

Tarumbeta, Wete
Kweli kabisa. Jamani, mwenye mdomo wa tromboni uliokaa bure aseme. Vijana wa Chake wanapokezana mmoja.