Mjadala: Filamu za vita zinamtukuza askari au zinamdhulumu?

Mkaazi wa Mlandege (mwenye mada)

Assalaam aleikum jamaa. Hoja yangu ni hii: filamu nyingi za vita tunazowaonesha vijana wetu, kwa nia njema ya kuwafunza ushujaa, zinamdhulumu askari huyo huyo zinayemsifu. Zinachukua dakika kumi za umri wake zikazifanya ndio umri wake wote.

Tuchukue Rambo, maana jina hilo halihitaji maelezo barazani. Kijana akijenga misuli tu, kashapewa. Lakini filamu ya kwanza, First Blood ya mwaka 1982, si hadithi ya mbabe. Ni ya askari aliyerudi kutoka Vietnam, anamtafuta mwenziwe wa kikosi, anaambiwa kafa kwa saratani iliyotokana na dawa ya kuulia majani iliyomwagwa kule vitani. Polisi wa mji mdogo wanamkamata kwa uzururaji, wanamtesa, akili yake inarudi vitani. Filamu nzima tunashuhudia mtu mmoja tu akifa. Mwisho analia mbele ya kamanda wake wa zamani, akieleza vipi rafiki yake alivyoraruliwa na bomu lililofichwa ndani ya sanduku la kung'arishia viatu. Ulipigwa hata mwisho mwengine ambao yeye mwenyewe anakufa, ukaondolewa kwa kuwa watazamaji wa majaribio hawakuutaka. Mwaka 1985 ikaja ya pili, na humo anaua makumi kwa makumi. Dunia ikaishika hii ya pili, ikamsahau yule aliyelia.

Sasa nauliza: kosa ni la mtengenezaji au ni letu tunaotazama?

Mwana wa Chake

Wa aleikum salaam sheikh. Mfano wako nimeupenda, hukumu yako siikubali. Ushujaa si uongo uliobuniwa na wenye kamera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaikalia ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera. Walikwenda watu wa Bara na wa Visiwani, wakayatoa, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mtu aliyetembea kwa miguu mpaka huko akiwa chini ya mizinga, wewe unataka umuoneshe akilia tu? Hiyo nayo ni dhulma. Unamgeuza mgonjwa wa kuhurumiwa, na heshima yake umeifuta.

Na yako mambo ya kweli ambayo hata mtunzi asingethubutu kuyabuni. Audie Murphy, tarehe 26 Januari 1945 karibu na kijiji cha Holtzwihr, Ufaransa, alipanda juu ya gari la deraya linalowaka moto akawazuia Wajerumani kwa bunduki ya rashasha, yeye peke yake, huku ana jeraha la mguu. Mwaka 1955 ikatengenezwa filamu ya maisha yake ya vitani, To Hell and Back, na aliyeigiza nafasi ya Murphy ni Murphy. Pana uongo gani hapo?

Mkaazi wa Mlandege

Uongo haupo kwenye moto wa lile gari, ndugu yangu. Tazama filamu inapomalizikia: gwaride, nishani, basi. Murphy yule yule, mwaka ule ule inapooneshwa, halali usiku. Alikuwa akiweka bastola yenye risasi chini ya mto. Akaingia kwenye dawa za usingizi mpaka zikamtawala, ikabidi ajifungie peke yake hotelini ili aziache. Baadaye akayasema hadharani ili wenziwe waliotoka vitani watibiwe. Mimi kusema kweli huko kusema kwake nakuona ni ushujaa wa pili, na filamu haikuwa na nafasi nao.

Bi Muuguzi, Mkoani

Niruhusuni niingie kwa upande wa mwili, kwani hapo ndipo filamu zinapowafunza vijana jambo la hatari.

Risasi ya bega. Katika filamu ni jeraha la heshima: shujaa anakunja uso, anafunga kitambaa, anaendelea kupigana kwa mkono ule ule. Chini ya mtulinga unapita mshipa mkubwa wa damu pamoja na fungu lote la neva zinazoendesha mkono. Risasi ya bunduki ya kivita ikipita hapo inasaga mfupa, na vipande vya mfupa navyo vinakata kama visu. Atakayepona anaweza kubaki na mkono unaoning'inia, hauwezi kushika hata kikombe cha chai.

Paja ni baya zaidi. Mshipa mkubwa wa pajani ukikatika mtu anaweza kumalizika kwa dakika tatu mpaka tano. Hakuna muda wa ile hotuba ndefu ya kumuagiza rafiki barua kwa mama. Kinachookoa ni ukanda mpana, si kamba wala waya. Ufungwe sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, kati ya jeraha na moyo, usikae juu ya goti wala kiwiko. Upitishwe kijiti, kizungushwe mpaka damu isite kabisa, kisha kijiti kifungwe kisirudi nyuma. Saa uliyofunga iandikwe mahali panapoonekana, hata pajini mwa uso. Kosa la kawaida ni kukaza nusu: damu inazuiwa kurudi moyoni lakini inaendelea kuingia mguuni kutoka juu, na mtu anatoka damu zaidi kuliko mwanzo. Kosa la pili ni kulegeza kila mara kwa kumuonea huruma, maana ukanda huo unauma sana. Ukishafungwa haulegezwi njiani. Aliyejeruhiwa afikishwe hospitali haraka, kwani baada ya kama saa mbili misuli na neva huanza kudhurika.

Na kile kitendo cha kuchokoa risasi kwa kisu kilichopitishwa motoni, wallahi mtu asikiige. Pengine risasi ndiyo iliyoziba mshipa. Madaktari wengi huiacha humo humo ikiwa kuitoa kunadhuru zaidi. Watu wanazeeka na vyuma mwilini.

Baada ya hapo ndio inakuja sehemu ambayo hakuna mtengenezaji anayeitaka: kuoshwa kidonda kila siku, upasuaji wa pili na wa tatu, mtu kuhisi vidole vya mguu uliokwisha katwa vinaungua. Miezi.

Fundi Sauti wa Shangani

Bibie kasema ya damu, mimi nitaje ya masikio.

Bunduki ya AK ina magazini ya risasi 30. Ikiachiwa mfululizo inakwenda kasi ya risasi 600 kwa dakika, yaani magazini nzima inakwisha kwa sekunde tatu. Hesabuni shujaa wa filamu anavyomimina dakika nzima bila kubadilisha. Askari aliyefunzwa anapiga moja moja au mbili tatu, kwa sababu risasi anazibeba mwenyewe mgongoni na zikimalizika hakuna duka.

Mlio wake karibu na mtutu unapita desibeli 150. Sikio huweza kuumia papo hapo kuanzia kama 140. Ndani ya chumba ukuta unaurudisha mlio, inakuwa balaa. Lakini kwenye filamu watu wanapigana risasi ndani ya nyumba halafu wananong'onezana. Wachache hutia ule mlio mwembamba wa "nyiiii" kwa sekunde tano kisha mambo yanakaa sawa. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havimei tena. Mlio ule wapo wanaolala nao na kuamka nao mpaka kaburini, na mtoto akimwita baba kutoka uani haitikiwi.

Bomu la mkono vile vile. Kile kigololi cha moto mwekundu ni petroli iliyowekwa na mafundi wa filamu. Bomu lenyewe linachukua sekunde nne au tano baada ya kuachiwa, kishindo kimoja kikavu, vumbi la kijivu, na vipande vya chuma visivyoonekana na jicho. Kinachoua hakipendezi kupigwa picha, kwa hiyo kinabadilishwa.

Mwana wa Chake

Haya, ya mwili nimeyakubali. Lakini je, filamu inayoonesha utumbo na vilio ndiyo inafundisha gharama? Kuna vijana wanaitafuta filamu kwa sababu ya damu yenyewe. Wanarudisha nyuma kipande cha mguu kukatika mara tatu. Gharama nayo imegeuka tamasha. Hilo upande wenu hamjalijibu.

Bi Muuguzi, Mkoani

Umesema kweli, na ndiyo maana mimi sidai damu zaidi. Nadai muda. Mtu kukosa usingizi miaka kumi hakuna wa kukurudisha nyuma akakutazama mara tatu.

Maradhi ya kiwewe cha vita yaliingizwa rasmi kwenye orodha ya maradhi ya akili huko Marekani mwaka 1980 tu. Dalili zake si kulia: ni majinamizi, kushtuka kwa mlango kubamizwa, kukaa daima mgongo ukutani, kukwepa watu, hasira inayowaangukia wa nyumbani, ganzi ya moyo. Kabla ya hapo waliitwa waoga. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Uingereza iliwapiga risasi askari wake 306 kwa kutoroka, woga na makosa ya namna hiyo. Msamaha ukatoka mwaka 2006. Na John Huston, mwongozaji mkubwa wa filamu, alipolitengenezea jeshi la Marekani filamu ya kweli kuhusu askari waliokuwa wakitibiwa akili, Let There Be Light ya 1946, jeshi lenyewe likaizuia kwa zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo usilaumiwe mtazamaji peke yake. Kuna vilivyofichwa.

Maalim wa Historia, Wete

Jamaa mmekwenda Vietnam na Ufaransa, na sisi tuna vyetu mlangoni.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Unguja. Dunia inaitaja kwa kichekesho, vita vifupi kuliko vyote, kama dakika 38. Mtalii anaambiwa pale Forodhani, anacheka, anapiga picha. Wa upande wetu waliouawa na kujeruhiwa ni kiasi cha watu 500. Walikuwa ndani ya majengo yenye mbao nyingi, wanapigwa kutoka baharini. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Tumewahesabia dakika, watu hatukuwahesabu. Kwangu mimi hilo ni kosa lile lile la filamu, na limefanywa kwa mdomo.

Tena tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga hapo hapo bandarini, inatengenezwa. Mizinga ya Pegasus haikuweza kumfikia adui. Walikufa 38, wakajeruhiwa 55, na mchana wa siku ile meli ikazama. Kisa kinachopendwa kusimuliwa ni cha bendera: ilipoangushwa, wanamaji wakaishika juu kwa mikono yao. Kisa kizuri. Makaburi yako kisiwani Chapwani, na wapitao kwa mashua kwenda kuogelea hawajui.

Halafu wapagazi. Vita vya 1914 hadi 1918 vya Afrika Mashariki vilibebwa vichwani, mzigo wa kilo 25 hadi 30 kwa mtu, na vijana wa Unguja na Pemba walichukuliwa pia. Walikufa kwa makumi ya maelfu katika eneo zima, wengi wao kwa malaria, kuhara damu na njaa, si kwa risasi. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 kule Dar es Salaam inawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Wametajwa kwa maandishi. Aliyesimama juu na singe ni mwenye bunduki. Ni filamu gani ya vita mliyoiona ambayo mhusika mkuu anakufa kwa kuhara?

Mwana wa Chake

Maalim, hapo umenibana. Lakini nikitengeneza filamu ya Pegasus, kipande cha bendera sikitoi.

Maalim wa Historia, Wete

Usikitoe. Nataka tu usimalizie hapo. Waliojeruhiwa 55 walipelekwa wapi, nani aliwabeba kutoka pwani, nani aliyechimba Chapwani na kwa jua gani.

Fundi Sauti wa Shangani

Mkiitengeneza kweli, nawaomba mambo mawili. Risasi baridi si mchezo: haina kichwa lakini baruti inatoa gesi inayoua kwa karibu. Mwigizaji Jon-Erik Hexum alikufa mwaka 1984 kwa kujiwekea bastola ya namna hiyo kichwani. Pawe na mtu mmoja tu anayeshika silaha, anaikagua mbele ya mwigizaji, mtutu hauelekezwi kwa mtu hata siku moja, na mlio utiwe baadaye studio.

La pili ni la kwenye vibanda vyetu vya kuoneshea filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Mtafsiri anazungumza mfululizo kwa sababu anaogopa kimya, watu wasije wakatoka. Kile kilio cha mwisho cha Rambo, pumzi na maneno yaliyokatika katika, kinafunikwa na sauti ya mtu anayetangaza kama mpira. Hapo mtengenezaji hana lawama, ni sisi. Njia ipo: mtafsiri aitazame filamu yote mara moja kabla hajarekodi, aandike dakika na sekunde za kunyamaza, na sauti ya asili iachwe juu katika sehemu hizo. Kwa filamu ya saa moja na nusu ni kazi ya jioni moja.

Mkaazi wa Mlandege (mwenye mada)

Kwa hilo la kimya niko nawe, Fundi. Nalianzia na First Blood: kwa anayeitafsiri, zile dakika za mwisho azungumze sentensi mbili tu, mwanzo na mwisho, katikati aache mtu asikike akilia.