Fonti zinabadilika slaidi zikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine

mwandaaji_slaidi: Wakuu habari. Slaidi zimeandaliwa kwa PowerPoint ya Microsoft 365, Windows 11. Vichwa ni Montserrat, maandishi ni Aptos. Kompyuta ya ukumbini ina Office 2016, na huko herufi zinageuka, mistari inakatika ovyo, maneno yanatoka nje ya boksi. PDF haifai, kuna animesheni na video. Tena mwenyeji atahitaji kurekebisha majina ya wazungumzaji dakika za mwisho. Nifanyeje?

fundi_projekta: Mkuu, faili la pptx kwa kawaida hubeba jina la fonti tu, fonti yenyewe inabaki kwenye kompyuta yako. Isipopatikana upande wa pili, PowerPoint inaweka nyingine. Kila fonti ina upana wake, ndiyo maana mstari uliotosha kwa saizi 24 unamwagika kwa saizi hiyohiyo.

Fungua File, Options, Save, shuka hadi chini, weka tiki kwenye "Embed fonts in the file". Chagua "Embed all characters". Lile chaguo la kubeba herufi zilizotumika tu linapunguza ukubwa wa faili, lakini mwenyeji akiandika jina lenye Q na slaidi zako hazina Q, herufi hiyo moja itatoka kwa sura nyingine katikati ya jina la mtu. Kisha hifadhi upya.

bi_taipu: Nakubaliana na fundi kwa Montserrat. Aptos ningeiondoa kabisa. Imekuwa fonti ya msingi ya Office tangu 2023, Office 2016 ilitoka na Calibri. Nenda Home, Replace, Replace Fonts, badilisha Aptos kuwa Calibri. Calibri ni nyembamba zaidi, kwa hiyo maandishi hayatafurika, ila pitia slaidi zote kwa sababu mistari itahama. Ukiwa hapohapo angalia orodha: fonti yenye alama ya kuuliza haimo kwenye kompyuta yako.

Kupachika fonti ndani ya faili (ile "Embed" aliyoitaja fundi) nako kunategemea ruhusa iliyomo ndani ya fonti. Bofya kulia faili la fonti, Properties, Details, tafuta "Font embeddability". Editable au Installable hazina shida. Restricted haitapachikwa.

Ukipakua Montserrat kutoka Google Fonts, sakinisha mafaili ya .ttf ya folda ya static. Lile lenye jina VariableFont husumbua, na .otf nyingi PowerPoint inakataa kuzipachika. Leseni yake ni huria, unaweza kumtumia mwenyeji mafaili hayo ayasakinishe kabla ya siku yenyewe.

mwandaaji_slaidi: Asanteni sana. Na ukumbi wa pili una Linux na LibreOffice?

bi_taipu: Hapo Calibri inakusaidia tena. Mifumo mingi ya Linux ina Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, mistari inabaki mahali pake. Kwa Arial ipo Liberation Sans. Montserrat waisakinishe wenyewe.

fundi_projekta: Usijaribu kwenye kompyuta yako, fonti zipo tayari na kila kitu kitaonekana sawa. Tumia mashine isiyo na Montserrat. Ukichagua fonti ya mapambo, kagua pia maneno kama ng'ombe: nyingine hazina ile alama iliyopinda ambayo PowerPoint huiweka yenyewe, nayo huazimwa kutoka fonti nyingine.