Senghenydd, Wales: tuwaonyeshe nini watu wakati mgodi wenyewe haupo tena?

Mwenyeji_Cardiff
Wakuu, salaam. Kuna kikundi cha Waswahili wa hapa Cardiff, watu 18, wakiwemo wazee wawili na watoto wa shule, wanaotaka kwenda Senghenydd mwezi wa kumi. Mimi ndiye wa kuwaongoza. Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza, kijijini kumebaki nini cha kuona, maana mgodi wake wa makaa ya mawe, Universal, ulifungwa mwaka 1928? Pili, mtu ambaye hajawahi kuona mgodi nimweleze vipi kwa nini mlipuko wa 1913 mgodini humo uliua wengi kiasi kile? Tatu, waliokufa ni 439 au 440? Kila mahali nakuta tofauti.

Kaa_la_Mawe
Mkuu, nianze na hesabu. Walikufa wachimbaji 439, na mwokoaji mmoja akafia kwenye kazi ya kuwatafuta wenzake. Ukisema 440, ongeza "pamoja na mwokoaji" na hakuna atakayekupinga. Na usiuchanganye msiba huo na ule wa kwanza: mgodi huohuo ulilipuka tarehe 24 Mei 1901 ukaua watu 81.

Kwenye sababu, usianze na mlipuko. Anza na hewa, la sivyo hawatakuelewa. Mgodi ulikuwa na mashimo mawili yenye kina cha karibu mita 590 kila moja. Hewa safi ilishuka kwa shimo la Lancaster, ikazunguka kwenye njia zote za chini, kisha ikapandia shimo la York, ikivutwa na feni. Mwambie kila mtu ashike picha hiyo kichwani: huku inaingia, kule inatoka.

Sasa tarehe 14 Oktoba 1913, saa mbili asubuhi na dakika chache, chini walikuwapo watu karibu 950. Gesi ya methani, ambayo hutoka kwenye makaa yenyewe, hulipuka ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kilichoshukiwa zaidi kuiwasha ni cheche ya umeme kutoka kwenye nyaya za kengele za kupashana ishara. Lakini gesi peke yake haielezi vifo vyote hivyo. Wimbi la mlipuko lilitimua vumbi la makaa lililotanda chini, kutani na juu ya magogo ya kushikilia dari. Vumbi hilo likawaka likiwa hewani, likatimua vumbi jingine mbele yake, na lile nalo likawaka. Mfano ambao kila mpishi ataushika ni unga: ukiwa ndani ya gunia hauna neno, ukirushwa hewani penye moto unaripuka. (Tumia maneno tu, usiwaonyeshe watoto kwa vitendo.)

Baada ya moto ikaja kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Wengi ambao mlipuko haukuwagusa waliuawa na hiyo. Na hapa ndipo picha ya hewa inapokusaidia. Moto uliwaka upande wa magharibi, si mbali na chini ya Lancaster, yaani kwenye mlango wa hewa safi. Feni ikaendelea kuvuta, na moshi ukasukumwa ndani walikokuwa watu. Sheria ya migodi ya 1911 ilitaka feni ziwe na uwezo wa kugeuza mkondo wa hewa ifikapo tarehe 1 Januari 1913. Mgodi huu uliongezewa muda hadi Septemba, na Oktoba kazi ilikuwa bado haijakamilika. Mahakamani meneja alitozwa faini ya pauni 24, kampuni pauni 10 pamoja na gharama za kesi. Wakati huohuo zaidi ya wanawake 200 walikuwa wajane na watoto 542 hawana baba. Zitaje namba hizo taratibu, moja baada ya nyingine.

Njia_ya_Bondeni
Nikusaidie upande wa safari. Pandeni treni kutoka Cardiff hadi Caerphilly, halafu basi la kupanda bonde la Aber, linalopitia Abertridwr. Reli ya Senghenydd iliacha kubeba abiria mwaka 1964, kwa hiyo msiitafute stesheni.

Anzieni kwenye makumbusho madogo yaliyomo ndani ya kituo cha jamii. Yanaendeshwa na watu wa kujitolea, basi wasilianeni nao mapema. Kundi la watu 18 likitokea ghafla, ama mtakuta pamefungwa ama hamtaenea. Kisha nendeni kwenye bustani ya kumbukumbu, pale mgodi ulipokuwa. Ilizinduliwa tarehe 14 Oktoba 2013, siku ilipotimia miaka 100. Katikati kuna sanamu ya mwokoaji akimsaidia mchimbaji aliyenusurika, na ukutani kuna vigae vya waliokufa 1901 na 1913. Kuna pia njia ya kutembea yenye vigae vya maafa mengine ya migodi ya Wales. Watoto watataka kukimbia hapo. Wape kazi ya kutafuta kigae cha mtu wa umri fulani. Katika waliokufa 1913, 60 walikuwa chini ya miaka 20, na wanane kati yao walikuwa na miaka 14.

Ila kwa maoni yangu urithi mkubwa zaidi ni mitaa yenyewe. Chapisha orodha ya waliokufa iliyo na anwani zao, mtembee Commercial Street na High Street mkiisoma kwa namba za nyumba. Zile nyumba za safu, zilizobanana ukuta kwa ukuta, bado zina watu. Unasoma namba, unainua macho, mlango ndio huo mbele yako. Hatua chache, namba nyingine. Someni kwa sauti ya chini na msipige picha za madirisha. Hapo ni kwa watu.

Makaburi: Eglwysilan ni juu mlimani, njia ni nyembamba na kuna upepo mkali. Kwa wazee wako chagua makaburi ya Penyrheol, yako upande wa kurudia Caerphilly. Na mkienda tarehe 14 yenyewe mtakuta kijiji kiko kwenye kumbukumbu zake. Simameni nyuma, wenyewe watangulie.

Fundi_Taa
Nyongeza kuhusu taa ya usalama, maana lazima mtaulizwa: "Kama walikuwa na taa za usalama, ililipukaje?"

Taa ya aina hiyo, iliyobuniwa na Humphry Davy mwaka 1815, ina moto uliozungushiwa wavu wa waya wenye matundu 784 kwa kila inchi ya mraba. Gesi huingia na kuwaka ndani, lakini waya hunyonya joto, hivyo moto hautoki nje. Tena hutumika kupimia: utambi ukishushwa, methani huonekana kama kofia ya bluu juu ya mwali, na kofia hurefuka gesi inavyozidi. Udhaifu wake ni wavu uliotoboka au uliopata moto hadi kuwa mwekundu, na upepo mkali unaousukuma mwali upite. Taa za baadaye zilifunikwa kifuniko cha chuma kuzuia upepo huo. Sasa jibu la swali: taa ina wavu, lakini cheche ya waya wa kengele haina wavu wowote.

Jambo jingine litakalowagusa watu wetu: sehemu za chini ya mgodi zilipewa majina ya miji ya vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, kama Mafeking, Ladysmith na Kimberley. Wakisikia Mafeking kwenye maelezo, wajue ni upande wa magharibi wa mgodi, ule uliolipuka.

Mwenyeji_Cardiff
Ahsanteni sana, nimenakili yote. La mwisho: jina linatamkwaje? Sipendi kulikosea mbele ya wenyeji.

Njia_ya_Bondeni
Mswahili ana bahati hapa. "Dd" ya Kiwelisi ni "dh" yetu ya dhahabu, na mkazo huwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Sema "Seng-HE-nidh", usiongeze irabu mwishoni. "W" ya Abertridwr ni "u": "Aber-TRI-dur". "F" moja husomwa "v", ndiyo maana kijiji kingine cha Wales, Aberfan, ni "Abervan".