Tupeane uzoefu: hesabu gani ilikufanya ubadili uamuzi kwenye biashara yako?

Duka_la_Busia (mwenye uzi)

Jamaa, habari za jioni. Juzi mvua ilinifungia dukani, wateja hakuna, nikaona heri nihesabu mali. Kazi hii huwa naifanya Desemba tu, tena kwa macho.

Nilikuwa nimeshaamua kuacha sukari. Gunia la kilo 50 nanunua 190,000, shilingi zetu za Uganda. Nikiuza kilo kwa 4,000 napata 200,000. Toa kavera (mifuko ya plastiki), toa inayomwagika, toa mkono wangu unaompendelea mteja kwenye mizani, nabaki na kama 6,000. Elfu sita kwa gunia zima la kubeba mgongoni! Sufuria moja kubwa inanipa 12,000 na wala sitoki jasho.

Ndipo nikajiuliza hela yangu imelala wapi. Sukari gunia linaisha kwa siku mbili. Kwa mwezi ni magunia 15, yaani 90,000, na mtaji ni ule ule wa 190,000 unaozunguka. Sufuria zimekalia 1,200,000 juu ya rafu na mwezi mzima zimetoka tatu, elfu 36 basi. Nyingine zina vumbi la mwaka juzi. Tena anayefuata sukari huondoka na sabuni na kiberiti, anayefuata sufuria huondoka na sufuria.

Sukari imebaki. Sufuria nimemuachia mama mmoja anayepika harusini kwa bei ya kununulia, nimemeza mate.

Sasa zamu yenu. Mafundisho ya darasani tuwaachie walimu, hapa nataka hesabu moja tu, na namba zake, iliyokufanya uache kitu, upandishe bei au ufunge kabisa.

Rolex_Wandegeya

Mwenye uzi umenigusa. Mimi napika rolex, chapati inayoviringishwa na mayai ndani, karibu na chuo, wanafunzi ndio riziki yangu. Jina nimelipata kwa rolex, lakini nilipokaa na kalamu nikakuta rolex ndiyo inayonila.

Unga kilo 2 ni 8,000, mafuta ya kukandia na kuchomea 2,600, mkaa 2,000. Hapo natoa chapati 26. Chapati moja imenigharimu kama 485.

Rolex ya mayai mawili: chapati 485, mayai 900 (trei ya mayai 30 nilikuwa nanunua 13,500), nyanya, kabichi na kitunguu 200, mafuta ya mayai 150, karatasi 50. Jumla 1,785. Nilikuwa nauza 2,000! Shilingi 215 nikisimama juani, na yai moja likinidondoka faida ya rolex mbili imekwenda.

Sasa kikomando, chakula ambacho nilikuwa nakidharau: chapati mbili za kukatakata 970, maharage 500, jumla 1,470. Nauza 2,500. Faida 1,030. Nacheka mwenyewe.

Kuacha rolex nisingeweza, ndiyo inayoniletea watu. Nikapandisha hadi 2,500. Siku tatu za kwanza nilitaka kulia, wanafunzi wanapita wanakwenda kwa jirani. Nilikuwa nauza 70 kwa siku, zikashuka hadi 55. Lakini piga hesabu: 70 mara 215 ni 15,050. 55 mara 715 ni 39,325. Na mayai yanayovunjika yamepungua kwa sababu sina haraka tena.

Mama_Bombo

@Rolex_Wandegeya hongera mwanangu, ila na wewe jilipe. Sioni mshahara wako kwenye hiyo 1,785. Mimi nasuka sinia na vikapu, miaka mingi nilihesabu ukindu na rangi tu nikasema kikapu kimenigharimu 9,000. Siku tatu za mikono yangu nilizihesabu bure. Mteja wa Kampala akitaka punguzo nampa tu, kumbe nampunguzia umri wangu.

Rolex_Wandegeya

Shikamoo mama. Kweli sijajilipa. Nitarudi.

Msagishaji_Kisenyi

Hii yangu ni ndefu, vumilieni.

Nina mashine ya kukoboa na kusaga mahindi Kisenyi, hapa Kampala. Baada ya kulipa umeme, vibarua na magunia nilikuwa naona hasara kwenye karatasi, lakini mashine inanguruma na magari yanapakia. Hela inakwenda wapi?

Chukua mahindi kilo 100 kwa 1,100, ni 110,000. Yakikobolewa na kusagwa unga wa namba wani, ule mweupe usio na pumba, napata kama kilo 65. Nauza jumla 1,800, ni 117,000. Gharama za mashine ni kama 16,000. Jumla nimetumia 126,000, nimeuza 117,000. Kila kilo 100 zinanitoa 9,000. Kichaa gani anasaga hivyo?

Jibu lilikuwa mlangoni kila jioni, kwenye pikipiki ya msimamizi wangu. Pumba. Katika kilo 100 zinatoka kama kilo 30 za pumba, zilizobaki ni vumbi na unyevu. Wafugaji wa kuku na ng'ombe wananunua pumba 700 kwa kilo. Hiyo ni 21,000. Tangu baba yangu pumba zilikuwa «chai ya vijana», hakuna aliyeziandika popote. Kwa hiyo faida yote ya kinu, ile 12,000 kwa kila kilo 100, ilikuwa inapanda boda na kwenda kwa watu.

Sikumfukuza mtu. Nilimwongeza msimamizi mshahara, pumba zikaanza kupimwa na kuandikwa kwenye daftari lake mwenyewe. Alininunia mwezi mmoja.

La pili ni unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Dalali akija na mahindi ya 1,050 mimi nilikuwa nashangilia, nimeokoa hamsini! Nikanunua kipima unyevu, nikakuta mahindi yake yana 18. Katika kilo 100 hizo, kitu kikavu ni kilo 82 tu. Ukiyaanika hadi 13.5 unabaki na kilo 94.8. Gawanya 105,000 kwa 94.8, umenunua kilo kwa kama 1,108. Ghali kuliko yale makavu ya 1,100, na bado hujalipa wa kuanika wala hujaombea mvua isinyeshe. Siku hizi kipima kinatangulia, bei inafuata. Madalali wengine wameacha kuja na siwatafuti.

Fuso_la_Elegu

Mzee wa Kisenyi, heshima yako. Mimi nabeba mizigo kwa lori Kampala hadi Elegu, mpakani na Sudan Kusini, zaidi ya kilomita 400 kwenda. Kwenda gari imejaa, kurudi hewa.

Gulu, njiani, kuna wenye simsim (ufuta) na soya wanaotafuta gari la kurudi Kampala. Wananipa 600,000. Miaka miwili nilikuwa nakataa na kuwaona wananitukana, kwa sababu niligawa gharama ya safari nzima kwa mbili, nusu ya kurudi ikawa 1,400,000: mafuta, dereva, matairi, bima, rejesho la benki.

Siku moja dereva wangu akaniuliza, «Bosi, tukirudi tupu benki inatusamehe?» Nikanyamaza.

Gari litarudi tu, lijae lisijae. Bima ipo, benki ipo, hata mafuta lita 110 yapo. Mzigo unaongeza nini? Lita kama 25 kwa ajili ya uzito, 125,000. Kupakia 60,000. Dereva na tanboi wake (msaidizi wa gari) kulala Gulu siku moja, 70,000. Jumla 255,000. Ukinipa 600,000 nimeingiza 345,000 ambazo jana zilikuwa sifuri. Kwa miaka miwili nimezikataa karibu kila wiki. Sitaki hata kuzijumlisha.

Mtunza_Vitabu_Ndeeba

Hapo Fuso nakupinga kidogo. Hesabu yako ni halali kwa gari linalorudi tupu, basi. Niliwahi kutunza vitabu vya msafirishaji aliyeipenda hesabu hiyo mpaka akaanza kuitumia hata kwa mzigo wa kwenda. «Gari limekaa, bora nipate kitu.» Wateja wakazoea, bei ya kwenda ikashuka, na matairi yalipokwisha hakuwa na safari hata moja iliyoyalipia. Ile 1,400,000 uliyoitupa lazima ilipwe na mtu fulani mahali fulani. Na je, siku uliyolala Gulu ungekuwa Kampala unapakia mzigo mwingine?

Fuso_la_Elegu

Swali zuri. Ndiyo maana nina sheria: mzigo wa Gulu ukiwa tayari kabla ya saa sita mchana tunapakia, ukichelewa tunaondoka. Kukiwa na mzigo unanisubiri Kampala sisimami kabisa. Na mzigo wa kwenda lazima uibebe safari nzima, kwenda na kurudi tupu. Huo siupunguzi hata kwa ndugu.

Mtunza_Vitabu_Ndeeba

Basi tumeelewana. Nami niache yangu, fupi tu. Wengi wenu mnaogopa daftari kwa sababu ya kodi. Kwa wadogo ni kinyume. Kwa viwango vya kodi vya Uganda vya Julai 2020, mauzo ya mwaka kati ya milioni 10 na 150 yanatozwa kwa njia mbili, mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mfano mauzo ya milioni 60: bila kumbukumbu ni 400,000. Ukiwa nazo ni 180,000 na asilimia 0.6 ya kinachozidi milioni 50, yaani 240,000. Daftari la 5,000 limekuokolea 160,000. Mteja wangu mmoja wa vipuri alibisha mpaka nilipomwandikia kwenye kiganja.

Duka_la_Busia (mwenye uzi)

Kiganja changu nakiandika leo leo.

Oveni_Jinja

Mimi yangu haina furaha sana. Nilifungua tanuri la mikate Jinja, oveni nikanunua kwa milioni 9 za akiba na za SACCO. Mwaka 2022 ngano na mafuta vilipopanda baada ya vita vya Ukraine, mkate wangu ukawa unauzwa chini ya unga wake. Chini ya unga peke yake, jamani, umeme sijatia.

Niliendelea miezi saba. Kila mtu akiniambia nipumzike najibu, «Na oveni ya milioni 9 niiache?» Kila mwezi nilikuwa natoa 400,000 mfukoni ili oveni isionekane imekaa bure.

Dada yangu, fundi cherehani, hajui uhasibu hata chembe, akaniuliza, «Leo hiyo oveni ukiiuza unapewa ngapi?» Milioni 4. «Basi huna oveni ya milioni 9. Una ya milioni 4, na umeshaitolea milioni 2.8 kuilinda.»

Niliiuza kwa milioni 3.8. Nikalipa SACCO, kilichobaki nikanunua mandazi ya jumla nikawa nasambaza mashuleni. Mpaka leo sipendi kupita barabara ile.

Mama_Bombo

Pole mwanangu. Huyo dada mnunulie kitenge.

Oveni_Jinja

Nilimnunulia viwili, mama.

Msagishaji_Kisenyi

@Oveni_Jinja hapo wengi tumefungwa. Nina injini ya dizeli ya zamani iko uani, kila mwaka naitengeneza kwa sababu mwaka uliopita niliitengeneza.

Rolex_Wandegeya

Nimerudi kama nilivyoahidi. Mama Bombo, nimejilipa 20,000 kwa siku, naiweka kwenye simu kwa namba ya mke wangu ili nisiifikie. Bado kinabaki kitu, hasa kwa kikomando.

Ila asubuhi hii trei imefika 14,500. Nipandishe tena? Hawa watoto wataniua.

Mtunza_Vitabu_Ndeeba

Elfu moja kwa mayai 30 ni 33 kwa yai, 66 kwa rolex. Ulikuwa na 715, sasa una 649. Tulia na 2,500 yako. Trei ikipita 16,000 uje tuongee.

Rolex_Wandegeya

Sawa. Nimeiandika kwa mkaa ukutani: 16,000.