Goti limelika upande mmoja, nina miaka 44: niweke bandia au wanyooshe mguu kwa bamba la kuprinti?

Mtoto_wa_Ngamiani: Habarini za humu. Niko Bristol mwaka wa 11 sasa, kazi yangu ya ghala, kusimama kutwa. Goti la kulia limeniharibikia, ngazi nashuka kiubavu kama kaa, mkono ukutani. Eksirei imeonyesha gegedu, ule utando laini wa kati ya mifupa, limelika upande wa ndani tu, nje bado zima, na matege ninayo tangu utotoni. Daktari kanipa njia tatu: goti zima la bandia, nusu goti, au wakate mfupa wa muundi waunyooshe, wafunge bamba na skrubu. Na hii ya tatu nasikia siku hizi bamba linaprintiwa kwa kipimo cha mguu wako mwenyewe. Aliyepitia aniambie jamani, usiku silali.

MamaShani: Pole mdogo wangu. Mimi nimebadilisha goti zima nikiwa na 61, yale maumivu ya usiku yameondoka kabisa na sijutii. Ila kupiga magoti siwezi, naswalia kwenye kiti, na hilo hakuna aliyeniambia mapema. Lakini wewe ni 44! Utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet 2019 ulikadiria kama magoti mazima ya bandia 82 kwa 100 bado yanadumu baada ya miaka 25, nusu goti kama 70, namba nzuri kwa sisi wazee, maana anayeliweka akiwa kijana ndiye anayerudishwa theatre zaidi, na safari ya pili mfupa umeshapungua.

FizioKisauni: Kwa maelezo yako ningeanza kuulizia kunyoosha mfupa. Matege yanafanya uzito wote uangukie ndani, sasa muundi unakatwa chini kidogo ya goti, unafunguliwa kama unachomeka kabari, mstari wa uzito unahamia kule gegedu liliko zima, goti linabaki lako. Ugumu uko kwenye nyuzi, yaani pembe ya kunyoosha. Wakinyoosha kidogo mno maumivu yanarudi, wakizidisha wanaanza kuua upande wa nje. Na mabamba ya kawaida yana saizi za kiwandani, mfupa wako hayaujui, kwa mtu mwembamba unaliona linasukuma ngozi.

Hapo ndipo wamefanya kazi Chuo Kikuu cha Bath, timu ya Profesa Richie Gill, wanaiita TOKA. Mguu unapigwa siti skani, kompyuta inapanga mkato, wanaprinti vitu viwili, kifaa cha kuongozea msumeno kinachokaa kwenye mfupa wako tu, na bamba lenyewe la titaniamu. Wanasema operesheni ya saa 2 inaweza kushuka hadi dakika 30. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, iliruhusu majaribio kwa wagonjwa, na hospitali zilizotajwa ni Bath, Bristol, Exeter na Cardiff, yaani mlangoni kwako. Italia walitangulia, wagonjwa 25 pale hospitali ya Rizzoli, Bologna.

KakaLeicester: Nakubali ila tusimpe matumaini mabovu. Mimi nilikatwa mfupa ukanyooshwa nikiwa na miaka 39, bamba la kawaida, magongo wiki 6, kazini nilirudi mwezi wa tano, na bamba likaja kutolewa baadaye maana lilikuwa linachoma nikigusa tu ukingo wa kitanda. Hilo la kipimo lingenisaidia sana hapo. Lakini mfupa kuunga ni ule ule, hauharakishwi na printa, na kama unavuta sigara acha leo, inachelewesha kuunga. Leo nina 47 na mpira nacheza na wanangu.

Mtoto_wa_Ngamiani: Kaka asante. Sasa mbona nyumbani wananiambia mafuta ya goti yameisha, nichome tu sindano?

FizioKisauni: Sindano inaweza kutuliza kwa muda, mguu hainyooshi. Pia elewa si kila mtu anafaa, mwenye baridi yabisi, au aliyelika pande zote mbili, au goti lisilonyooka vizuri, huyo haimfai. Omba eksirei ndefu toka nyonga mpaka kifundo, umesimama, bila hiyo nyuzi hazipimiki.

MamaShani: Na uliza kusujudu, usione haya.

Mtoto_wa_Ngamiani: Nimeandika kwenye simu: eksirei ya kusimama, majaribio ya Bristol kama bado wanapokea watu, miezi mingapi bila kazi, na kusujudu. Miadi ni Alhamisi saa nne asubuhi, nikitoka nakuja hapa hapa.